Maisha ya Ronald Ross, Mwindaji wa Mbu

Mwalimu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alipotuagiza kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, wenzangu walikimbilia wafalme, majemadari na wapigania uhuru. Mimi nikamchagua daktari mmoja wa Kiingereza aliyetumia miaka yake mizuri akipasua matumbo ya mbu. Walinicheka, na wengine mpaka leo wananiita Mbu. Si neno. Nilikuwa na sababu yangu, na sababu yenyewe ni pipa.

Kwetu ni Uthiru, ukishapita Kangemi, kwenye ploti ya nyumba sita. Maji ya mfereji hufunguliwa siku mbili kwa juma, basi kila nyumba ina pipa lake la akiba limeegemea ukuta. Masika yaliyopita mbu walituzidi nguvu. Mwenye ploti akachangisha shilingi 700 kila nyumba, wakaja vijana wawili wenye mitungi mgongoni na barakoa usoni, wakapuliza dawa kwenye nyasi, ua na kuta zote. Usiku ule tulilala fofofo. Siku ya kumi na mbili mbu walikuwa wamerudi, tena kwa bidii, utadhani walikuwa likizo. Tukachanga mara ya pili, kisha ya tatu. Mama akakataa ya nne, akisema pesa za mbu zimepita pesa za unga, na jirani mmoja akamwita bahili hadharani. Ploti ikagawanyika: wa kuita mafundi upande huu, wa kujifanyia wenyewe upande ule, na salamu za asubuhi zikapungua.

Wakati huohuo nilinunua kwa wauza vitabu vya mitumba, Barabara ya Tom Mboya pale mjini, kitabu kimoja kisicho na jalada kinachoeleza maisha ya Ronald Ross. Nilikisoma ndani ya matatu nikapitiliza kituo changu, nikajikuta Kinoo. Kumbe ugomvi wa ploti yetu ulikwisha kuwako huko India miaka zaidi ya mia moja na thelathini iliyopita!

Hebu nianze mwanzo. Ross alizaliwa tarehe 13 Mei 1857 katika mji wa Almora, kwenye vilima vya Himalaya, siku tatu tu baada ya askari wa Kihindi kuanza maasi yao makubwa dhidi ya Waingereza. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi, baadaye jenerali, na yeye alikuwa kifungua mimba wa watoto kumi. Alipofika miaka minane alipelekwa Uingereza kwa jamaa zake ili asome. Kijana alipenda kuchora, kutunga mashairi, muziki na hesabu. Udaktari hakuutaka hata chembe, lakini baba alikwisha kata shauri. Nadhani wengi wetu wa kidato cha tatu twaijua hali hiyo: wewe wataka sanaa, nyumbani wanataka daktari. Akaingia hospitali ya St Bartholomew's mjini London, akasoma kwa kujikokota, mtihani mmoja ukamwangusha, akafanya kazi ya udaktari melini huku akijiandaa kuurudia. Mwaka 1881 akaajiriwa katika idara ya madaktari wa serikali ya India.

Mwaka 1883 akatumwa Bangalore, kusini mwa nchi. Nyumba aliyopewa ilikuwa nzuri, ila mbu walikuwa tele. Siku moja akachungulia nje ya dirisha, akaona pipa la maji, na ndani ya maji vijidudu vikijipinda na kujinyoosha. Vilikuwa viluwiluwi vya mbu. Akalipindua pipa, na mbu wakapungua palepale. Hakuna dawa, hakuna fundi, hakuna mchango! Kwa furaha akamwendea ofisa mmoja wa kikosi, akamweleza kwamba mbu wa bwalo la maofisa nao wanatoka katika mapipa ya namna hiyo, na dawa yake ni kuyamwaga tu. Ofisa akakataa kabisa. Kwa maoni yake, kuwaondoa mbu kungevuruga mpango wa maumbile. Mbu waliumbwa kwa sababu, na kazi ya watu ni kuwavumilia.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikacheka peke yangu, maana ofisa huyo nilimfahamu: anakaa nyumba nambari nne. Lakini baada ya kicheko likaja swali. Pipa lako utalipindua. Pipa la jirani asiyetaka, je? Wakati ule Ross hakuwa na jibu, na wala hakuwa akifikiria ugonjwa. Hakuna aliyekuwa na hakika wakati huo kwamba mbu huleta malaria. Yeye alitafuta usingizi tu, kama sisi.

Miaka kumi na zaidi ikapita bila jambo kubwa. Aliandika riwaya na mashairi, akajifundisha hesabu ngumu, na mwaka 1889 akamwoa Rosa Bloxam. Mwaka 1894, akiwa likizoni London, akakutana na daktari Patrick Manson. Manson alimwonyesha kwa hadubini vimelea vya malaria vilivyogunduliwa mwaka 1880 na Mfaransa Alphonse Laveran huko Algeria. Manson alihisi kwamba mbu wanahusika, lakini alidhani mbu hufia majini na watu wakapata ugonjwa kwa kunywa maji hayo. Dhana ilikuwa na kosa, hata hivyo ilimwasha Ross moto. Akarudi India mwaka 1895 akiwa mtu mwingine.

Kazi aliyoifanya Secunderabad nataka niieleze polepole. Alifuga mbu kutoka viluwiluwi ili awe na hakika kwamba hawajamuuma mtu yeyote. Kisha aliwafungulia ndani ya chandarua alimolala mgonjwa wa malaria. Mgonjwa mmoja, Husein Khan, alilipwa anna moja kwa kila mbu aliyeshiba damu yake, na nadhani hiyo ndiyo malaria ya kwanza kumletea mtu mshahara. Baada ya siku kadhaa Ross aliwapasua mbu mmoja mmoja na kuwatazama kwa hadubini kila chembe ya mwili. Joto lilikuwa kali ajabu, na hakuweza kupepewa kwa sababu upepo ungewapeperusha mbu wake wadogo. Jasho likatia kutu skurubu za hadubini, na kioo chake kikapasuka. Mbu mamia walipita mikononi mwake bila faida, kwa kuwa walikuwa wa aina isiyobeba malaria. Wakati huo yeye mwenyewe aliugua malaria akapona.

Mwezi Agosti 1897 akapata mbu wa aina nyingine, wenye madoadoa mabawani. Leo tunawaita Anofelesi. Akawalisha kwa Husein Khan. Tarehe 20 Agosti, macho yamechoka na mbu wamebaki wachache, akaona kwenye ukuta wa tumbo la mbu mmoja vijivimbe vya mviringo vyenye chembe nyeusi, zilezile chembe za vimelea vya malaria. Kesho yake akampasua mwingine, na vijivimbe vilikuwa vimekua. Kitu kilikuwa hai ndani ya mbu! Siku hiyo ya 20 Agosti huadhimishwa mpaka leo kuwa siku ya mbu duniani. Sisi huku huwa likizoni, wala hakuna anayetukumbusha.

Ungedhani serikali ingempa maabara. Wapi! Mwezi uliofuata ilimhamishia Kherwara, mahali ambapo malaria ilikuwa haba. Baada ya malalamiko mengi na msaada wa Manson alipelekwa Calcutta mwaka 1898, akatumia ndege badala ya watu, akisaidiwa na Mohamed Bux. Mwezi Julai wakaona vimelea vikiingia katika tezi za mate za mbu, na ndege wazima walioumwa na mbu hao wakaugua. Basi, si maji ya kunywa bali ni mate ya mbu. Mwaka huohuo Waitalia, akiwamo Giovanni Battista Grassi, wakathibitisha jambo hilo kwa binadamu. Ross na Grassi waligombania sifa mpaka mwisho wa maisha yao, na kusema kweli ugomvi huo haukumpamba yeyote kati yao.

Ross aliondoka India mwaka 1899. Mwezi Mei mwaka huohuo reli iliyotoka Mombasa ilifika Nairobi, wakati huo kinamasi kando ya mto wa maji baridi, bila nyumba. Wafanyakazi wapatao 2,500 waliotoka India walikufa wakati wa ujenzi wa reli hiyo, wengi wao kwa magonjwa, na malaria ilikuwa mojawapo. Tukisoma historia twakumbuka sana simba wa Tsavo, lakini mbu hawatajwi.

Akiwa sasa mwalimu katika chuo kipya cha magonjwa ya nchi za joto mjini Liverpool, Ross alirudi kwenye pipa lake la Bangalore. Sasa alikuwa na jibu la swali la jirani: kikosi. Mwaka 1901, kwa pesa za tajiri mmoja wa Uskoti, kiliundwa kikosi cha wafanyakazi mjini Freetown, Siera Leone. Kazi yao haikuwa kupulizia mbu dawa hewani. Waliingia nyua za watu wakizoa mikebe, chupa na vyungu vilivyovunjika, wakapakia mikokoteni kwa mikokoteni. Wakafukia madimbwi, wakachimba mitaro, na mahali maji yasipoondoka walimwaga mafuta juu yake ili viluwiluwi vikose pumzi. Mwaka 1902 akatoa kitabu kinachoeleza jinsi ya kuunda vikosi vya namna hiyo. Mwenye kikosi, alieleza, awe na watu wachache wanaolipwa, na kila mtu ajue mtaa wake, na azunguke kila juma bila kukosa.

Freetown mbu walipungua kikosi kilipokuwa kazini. Lakini mchango wa tajiri haukuweza kudumu milele, na serikali haikuichukua kazi ile kwa nguvu ileile. Hapo pana funzo kwa wanaoamini kwamba fundi akishaitwa mara moja yamekwisha.

Huko Ismailia, nchini Misri, mambo yakawa mengine kabisa. Huo ni mji wa Mfereji wa Suez, na malaria ilikuwa imewashinda wakazi. Kampuni ya mfereji ikamwalika Ross mwaka 1902. Akatazama, akaonyesha mashimo, madimbwi ya pembeni na makaro ya maji machafu chini ya nyumba. Kampuni ikafukia na kukausha, kisha ikaajiri watu wachache wa kupita nyumba hadi nyumba kila juma na kumimina mafuta makaroni. Mwaka 1902 wagonjwa walikuwa zaidi ya 1,500. Mwaka 1903 walikuwa karibu 200 tu, na mwaka 1904 wakapungua tena. Siri ilikuwa nini? Naona ni kwamba mlipaji alikuwa mmoja, alikuwa na mamlaka juu ya nyua zote, na hakuchoka mwaka wa pili. Mwisho wa mwaka 1902 Ross alipata Tuzo ya Nobel ya tiba, Mwingereza wa kwanza kuipata.

Si kila mahali alishinda. Huko Mian Mir, kambi ya jeshi karibu na Lahore, wataalamu wengine walijaribu njia hiyo kwa miaka kadhaa, na mifereji ya kumwagilia mashamba ikawashinda. Wakatangaza kwamba kupambana na mbu ni kupoteza wakati. Ross alikasirika, akasema pesa walizotumia zilikuwa kidogo na hesabu zao mbovu. Huenda alikuwa na haki, lakini mimi naona hakupenda kukiri kwamba pipa na mfereji wa maili nyingi si adui mmoja.

Mwaka 1907 alisafiri hadi kisiwa cha Morisi, na hapo ile hesabu aliyojifundisha ujanani ikamfaa. Fikiria, msomaji: mbu mmoja ili alete malaria lazima amuume mgonjwa, aishi siku kumi au zaidi hadi vimelea vikomae, kisha amuume mtu mzima. Wengi hufa kabla. Ross akapiga hesabu akaonyesha kwamba si lazima mbu wote waangamizwe. Wakishapungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa wenyewe huanza kuzimika. Watu wengi hawakumwelewa, lakini wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza wanajenga juu ya hesabu hizo hadi leo. Nilipomweleza mama jambo hili aliniuliza kwa nini basi vijana wa mitungi waliahidi kuua wote.

Niruhusu nigeuke kidogo nizungumzie kupe, maana vijana wale waliahidi kuwaua pia. Katika chuo kilekile cha Liverpool palikuwa na kijana aliyeitwa Joseph Dutton. Alikwenda Kongo, na huko akachunguza homa ya papasi, wale jamii ya kupe wanaojificha katika nyufa za sakafu ya udongo mchana na kutoka usiku kunyonya damu. Ugonjwa ukamwambukiza, akafa Kasongo, mashariki mwa Kongo, mwaka 1905, hajafika miaka thelathini na mmoja. Yeye na mwenzake walionyesha kwamba papasi ndiye mbebaji. Mwindaji wa kupe, kama wa mbu, hana budi kujua mdudu analala wapi. Kupe wa mbwa wa mwenye ploti yetu hulala katika nyufa za kibanda chake na juu ya mbwa mwenyewe. Vijana walipuliza nyasi, mbwa hawakumgusa, kibanda hawakukiinamia. Baada ya juma moja masikio ya mbwa yalikuwa yamejaa tena kama mtama. Alipoogeshwa kwa dawa ya josho aliyoagiza daktari wa mifugo, na kibanda kikasuguliwa na kuzibwa nyufa, kupe walikwisha.

Basi nirudi kwa Ross. Mwaka 1911 akapewa cheo cha Sir. Mwaka 1914 vita vikuu vilimchukua mwanawe, aliyeuawa Le Cateau, Ufaransa. Alizidi kuwa mtu wa kinyongo. Hata na Manson aliyemfungulia njia walikuja kukosana. Alilalamika kwamba taifa halikumlipa kwa ugunduzi wake, na mwaka 1928 akauza makaratasi yake kwa pauni 2,000. Taasisi yenye jina lake ilifunguliwa London mwaka 1926, na humo ndimo alimofia tarehe 16 Septemba 1932, mwaka mmoja baada ya mkewe.

Nilipomaliza kitabu nilichukua tochi na kijiko kikubwa, nikazunguka ploti. Mapipa sita: manne yalikuwa na viluwiluwi. Tairi mbili kuukuu nyuma ya choo: zote. Karo la maji machafu lenye mfuniko uliopasuka: vimejaa hata maji hayaonekani. Vijana wa mitungi hawakugusa hata kimoja. Dawa yao, ambayo ni ya jamii ya ile sumu ya ua la pareto tulilokuwa tukiongoza dunia kulilima, iliua mbu wanaoruka siku ile, na watoto wao wakabaki majini wakisubiri zamu.

Kusema haki, viluwiluwi vile vilining'inia kichwa chini, na kitabu kinasema vya Anofelesi hulala sambamba na uso wa maji. Kwa hiyo mbu wetu wengi ni wa kelele na kuwasha, si wa malaria. Mdogo wangu alipougua malaria Januari, daktari aliuliza kwanza tulisafiri wapi, na kweli tulitoka Busia. Lakini mwaka 2022 watafiti waligundua Marsabit mbu aliyetoka upande wa Asia, Anopheles stephensi, ambaye hubeba malaria na hupenda kuzaa katika matangi na mapipa ya mjini. Akifika Nairobi na kuyakuta mapipa yetu wazi, hatatafuta kinamasi.

Mwenye ploti alikubali nimwonyeshe kwa tochi. Mapipa sasa yana vifuniko vya wavu, na kila Jumamosi mtoto mmoja wa zamu hukagua yote sita, hata la nyumba nambari nne, kwa amri ya mwenye ploti. Tairi zimeondolewa. Karo lilimshinda kila mtu, kwa hiyo mchango wa nne ulitolewa, mama naye akalipa, akaitwa fundi wa kweli akalinyonya na kulijengea mfuniko mpya. Mbu wamepungua hata naweza kuandika haya dirisha likiwa wazi hadi saa moja jioni.

Hawajaisha. Nje ya lango kuna mtaro wa barabara uliozibwa na taka tangu masika, na maji yake yamelala kijani mita thelathini hivi. Mtaro huo si wetu wala wa ploti ya ng'ambo. Tumeiandikia ofisi inayohusika barua mbili, ya pili nimeiandika mimi mwenyewe nikaiambatanisha na mchoro, na mpaka jarida hili linakwenda kupigwa chapa hatujaona mtu mwenye koleo.